Kupima dhahabu kwenye mwamba: tanuru, akwa rejia, sayanaidi au miale? Mwongozo kamili

Chukua mfuko wa mawe ya mshipa mmoja wa Chunya, yasage pamoja, gawa unga mara tatu, kisha agiza vipimo vitatu tofauti. Tanuru, yaani kuyeyusha unga kwa moto, linaweza kukurudishia gramu 4.0 kwa tani, akwa rejia, ambayo ni mchanganyiko wa asidi mbili kali, 3.4, na sayanaidi, chumvi ya sumu inayoyeyusha dhahabu kwenye maji, 2.6. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, akiiona karatasi hiyo huanza kutafuta nani kamwibia. Mara nyingi hakuna mwizi. Tanuru limesema dhahabu yote iliyomo ni kiasi gani. Akwa rejia imesema asidi iliweza kuifikia kiasi gani. Sayanaidi imesema utakachokipata ukijenga vati, yaani tangi la kulowekea kwa sayanaidi, kesho.

Mwongozo huu ni kwa mchimbaji mwenye leseni anayelipia vipimo, mwanafunzi wa jiolojia, na fundi mgeni wa maabara. Hatua za tanuru, asidi na sayanaidi zifanyike kwenye maabara yenye mfumo wa kuvuta hewa na watu waliofunzwa. Kama huna hivyo, zisome ili ujue nini cha kuagiza na nini cha kuuliza ukipewa jibu.

Hatua ya 1: Amua swali kabla ya kulipa

Kuna maswali manne ambayo watu huyachanganya. La kwanza: je, eneo hili lina dalili yoyote ya dhahabu? La pili: tani moja ya mwamba huu ina gramu ngapi kwa jumla? La tatu: kati ya hizo, ngapi zitatoka kwa njia ninayoimudu? La nne: dhahabu niliyoyeyusha ina usafi gani?

La kwanza linahitaji kipimo cha bei nafuu chenye uwezo wa kuona kiasi kidogo sana, na akwa rejia inatosha. La pili ni la tanuru. La tatu ni la sayanaidi. La nne si la mwamba kabisa, ni la sokoni. Ukimwambia karani wa mapokezi "nipimie dhahabu" bila kusema zaidi, atakuandikia kile kinachoagizwa na wengi, nawe utalipia jibu la swali ambalo huenda si lako.

Hatua ya 2: Sampuli

Hapa ndipo makosa makubwa hutokea, na hakuna mashine inayoweza kuyarekebisha baadaye. Dhahabu ina uzito wa gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo, kwazi, jiwe linalojaza mishipa mingi ya dhahabu, ina 2.65. Haitawanyiki sawasawa kama chumvi kwenye maji. Hukaa punje punje, na punje moja tu inaweza kubadilisha jibu zima.

Tupige hesabu. Punje ya mviringo yenye kipenyo cha maikroni 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita, ina maikrogramu 10 hivi. Ikiingia kwenye gramu 50 zinazopimwa, inaongeza gramu 0.2 kwa tani. Punje ya maikroni 200 ina maikrogramu 81, na inaongeza 1.6. Punje ya nusu milimita, ambayo macho yanaiona bila taabu, inaongeza zaidi ya gramu 25 kwa tani.

Sasa geuza hesabu hiyo. Mwamba wako una gramu 2 kwa tani kweli, na dhahabu yake yote iko kwenye punje za maikroni 200. Gramu 50 zitakuwa na wastani wa punje moja na robo. Kwa kanuni za bahati, karibu mara tatu katika kumi hutapata punje hata moja, na maabara itaandika sifuri kwa uaminifu kabisa. Ni sawa na kuchota kijiko kimoja cha pilau lenye zabibu chache na kutangaza kwamba mpishi hakuweka zabibu. Ukipima kilo nzima ya mwamba uleule utakuwa na punje 25 hivi, na jibu litayumba kwa asilimia 20 tu au karibu na hapo.

Kwa hiyo, kwenye duara, kata mfereji wa upana na kina kilekile kukatiza mshipa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Kusanya kila kinachoanguka, pamoja na vumbi. Chukua kilo 3 hadi 5 kwa kila kipande cha mshipa, na zaidi kama dhahabu ya kuonekana kwa macho ni kawaida eneo hilo. Mwamba wa pembeni uwe kwenye mfuko wake. Usiokote mawe yanayong'aa. Hilo halipimi mshipa, linapima hamu yako. Andika namba ndani na nje ya mfuko, na namba zisifichue umbali wala kina, ili fundi asijue anachotarajiwa kukiona.

Baki na nusu ya kila sampuli. Mwaka 1997 kampuni ya Bre-X ya Kanada ilianguka baada ya kubainika kwamba sampuli zake za Busang, Indonesia, zilikuwa zimetiwa dhahabu. Kampuni hiyo ilikuwa na desturi ya kusaga mwamba wote uliochorongwa badala ya kuhifadhi nusu yake, hivyo hapakuwa na jiwe la kurudia. Wawekezaji walipoteza mabilioni ya dola. Mtu akikuuzia eneo na hana mabaki ya sampuli, muulize yako wapi.

Hatua ya 3: Kausha, ponda, gawa, saga

Kausha kwa nyuzi 105 za Selsiasi. Kama ni marudio ya mwaloni, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa, yaliyowahi kupitishwa zebaki, iambie maabara kabla hawajayaweka kwenye joto, kwa sababu mvuke wa zebaki utawafikia wao kwanza.

Ponda kwenye karasha mpaka sehemu kubwa ipite tundu la milimita 2. Hapo ndipo pa kugawa, na ugawe kwa kigawanyi cha mifereji au cha kuzunguka. Kuchota kwa koleo juu ya lundo hakukubaliki, kwa kuwa vizito vinazama na vyepesi vinabaki juu. Kisha saga gramu 250 hadi kilo moja kwenye kinu cha pete mpaka asilimia 85 au zaidi ipite chekeche la maikroni 75. Omba waonyeshe rekodi ya chekeche. Maabara nzuri hulijaribu kila baada ya sampuli kadhaa na huandika matokeo.

Jambo moja husahaulika: dhahabu ni laini, haivunjiki kama kwazi. Ndani ya kinu hubondeka ikawa kama bati jembamba na kujipaka kwenye pete. Sampuli tajiri ikipita, inayofuata hupata zawadi isiyo yake. Dawa ni kusaga mchanga safi wa kwazi kati ya sampuli na, ukihofia utajiri, kuupima mchanga huo pia.

Hatua ya 4: Tanuru

Njia hii ina karne nyingi na bado ndiyo hakimu. Wenye uzoefu hutaja "tani ya maabara", gramu 29.166, kiasi kilichobuniwa ili miligramu moja ya dhahabu isomeke moja kwa moja kuwa aunsi moja kwa tani fupi ya Kimarekani. Siku hizi hupimwa gramu 30 au 50. Ukiruhusiwa kuchagua, chukua 50.

Unga wa mwamba huchanganywa na dawa za kuyeyushia. Kwa gramu 30 za kwazi, kianzio kizuri ni takriban gramu 60 hadi 70 za lithaji, yaani oksidi ya risasi, gramu 30 za soda kavu, ambayo Ziwa Magadi la Kenya limeitoa kwa miaka mingi, gramu 10 za boraksi, na gramu 3 hivi za unga wa ngano. Unga wa ngano hauko hapo kwa utani. Kaboni yake huivua lithaji oksijeni ikawa risasi halisi, na gramu moja ya unga hutoa gramu 10 hadi 12 za risasi. Matone hayo ya risasi hushuka ndani ya uji wa moto kama mvua, na njiani huikusanya dhahabu na fedha yote.

Mapishi hayo hubadilika kwa mwamba, na hapa ndipo fundi anapojulikana. Kwazi ni ya upande wa asidi, inataka soda zaidi. Miamba ya chuma, kama ile yenye matabaka ya chuma huko Geita, iko upande wa pili na inataka silika (mchanga wa kwazi) na boraksi zaidi. Mwamba wenye pairiti, madini ya chuma na salfa, huleta shida nyingine: gramu moja ya pairiti yenyewe huvua risasi karibu gramu 12. Gramu 3 za pairiti zimeshafanya kazi yote ya unga wa ngano. Ukiongeza unga wa ngano juu yake utapata donge la risasi kubwa mno, na salfa isiyoungua itatengeneza tabaka la kati linaloiba dhahabu. Hapo unga wa ngano hutolewa na chumvi ya potasiamu naitreti huingizwa, au sampuli huchomwa kwanza. Maabara inayotumia mchanganyiko mmoja wa gunia kwa mawe ya kila aina inakupa jibu la chini kwenye salfaidi, yaani madini yenye salfa kama pairiti, na hutajua.

Chungu huingia tanuruni kwa nyuzi 1,000 hadi 1,100, dakika 45 hadi 60. Uji humiminwa kwenye kalibu ya chuma yenye umbo la pia. Ukipoa, slagi ya kioo, yaani mwamba na dawa vilivyoyeyuka, huvunjwa kwa nyundo na donge la risasi hubaki. Donge la gramu 25 hadi 40 ni zuri. Likiwa dogo, halijakusanya vya kutosha. Likivunjika kama biskuti chini ya nyundo, kuna kitu ndani yake ambacho si risasi, na sampuli irudiwe.

Donge huwekwa kwenye kupeli, kikombe kidogo cha magnesia au majivu ya mifupa, kwa nyuzi 950 hivi. Risasi huungua na oksidi yake hunyonywa na kupeli, sehemu ndogo ikipaa kama moshi, na moshi huo ni sumu. Mwishoni punje ya dhahabu na fedha humeta ghafla na kutulia. Kwa kawaida fedha kidogo huongezwa mwanzoni ili punje ionekane na dhahabu isipotee.

Punje hutiwa kwenye asidi ya naitriki, kwanza nyepesi kisha kali zaidi, ili fedha itoke. Sharti ni fedha iwe mara mbili na nusu hadi tatu ya dhahabu. Ikiwa kidogo kuliko hapo, asidi haipenyi na utaipima fedha ukidhani ni dhahabu. Kinachobaki ni cheusi au kahawia. Kichome kidogo, kinageuka njano.

Kumalizia kuna njia mbili. Unaweza kupima uzito: miligramu 0.5 kutoka gramu 50 ni gramu 10 kwa tani, na mizani ya maikrogramu inaisoma bila wasiwasi. Lakini mwamba wa gramu 0.1 kwa tani hutoa maikrogramu 5 tu, na hapo mizani inayumba. Kwa madaraja ya chini, yaani mwamba wenye dhahabu kidogo kwa tani, punje nzima huyeyushwa kwenye akwa rejia na kusomwa kwa AAS, mashine inayopima jinsi atomu za dhahabu zinavyonyonya mwanga wa nanomita 242.8, au kwa ICP, mashine inayozichoma atomu kwenye plazima ya joto kali na kuzitambua. Kwa gramu 50, AAS hushuka hadi gramu 0.01 kwa tani. Ukiona alama ya "zaidi ya" mbele ya namba kwenye ripoti, umevuka kikomo cha juu, na unatakiwa kuomba kipimo cha uzito. Wengi huiacha hivyo hivyo.

Udhaifu wa tanuru: teluriamu huifanya punje ipasuke na kuvuja kwenye kupeli. Shaba nyingi, kama kwenye madini ya Bulyanhulu, huingia kwenye donge na kuliharibu, hivyo uzito wa unga unaopimwa hupunguzwa na lithaji huongezwa. Kaboni na grafiti zinahitaji kuchomwa kwanza.

Hatua ya 5: Akwa rejia

Sehemu tatu za asidi ya haidrokloriki kwa sehemu moja ya naitriki, juu ya gramu 10 hadi 50 za unga, kwenye joto la nyuzi 90 hadi 95. Changanya kiasi unachotumia siku hiyo, na kamwe usikifunge kwenye chupa, kwa sababu gesi yake itaipasua. Sampuli yenye salfaidi huchomwa kwanza kwa nyuzi 600 hadi 650. Mmumunyo husomwa kwa ICP-MS, aina ya ICP inayohesabu atomu kwa uzito wake na inayofika hadi sehemu moja kwa bilioni, au dhahabu huhamishiwa kwenye kimiminika cha oganiki na kusomwa kwa AAS.

Faida yake ni bei, uwezo wa kuona kidogo sana, na kwamba kwa mmumunyo uleule unapata aseniki, shaba, zinki na wenzake. Kwa udongo wa utafiti, ambako unatafuta eneo lenye sehemu 30 kwa bilioni kati ya maeneo yenye 3, sioni sababu ya kulipia tanuru.

Hasara yake ni kwamba asidi hizi haziyeyushi silika. Punje iliyofungiwa ndani ya kwazi isiyosagwa vizuri itabaki humo. Na mwamba wenye kaboni huinyonya dhahabu kutoka kwenye mmumunyo, ukasoma kidogo kuliko kilichoyeyuka. Usitumie akwa rejia peke yake kukadiria hazina ya mwamba. Nimeona ripoti za kuuzia eneo zilizojengwa juu yake, na muuzaji alikuwa anajipunja mwenyewe.

Hatua ya 6: Sayanaidi kwenye chupa inayozunguka

Gramu 500 hadi kilo 2 za unga huwekwa kwenye chupa pamoja na maji, chokaa na sodiamu sayanaidi, na chupa huzungushwa kwa saa 24, wakati mwingine zaidi. Mdomo uruhusu hewa, kwa kuwa bila oksijeni dhahabu haiyeyuki. Chokaa huishikilia pH juu ya 10.5. Ikishuka, gesi ya haidrojeni sayanaidi hutoka, na gesi hiyo inaua. Asidi zisiwe kwenye chumba kimoja na kazi hii, hata zikiwa zimefungwa.

Sehemu ambayo wateja hawaiagizi ni mabaki. Yaoshwe, yakaushwe, yapimwe kwa tanuru. Mfano: kilo moja ya unga ndani ya lita 2 za maji, mmumunyo ukasomeka miligramu 1.3 kwa lita. Dhahabu iliyotoka ni miligramu 2.6, yaani gramu 2.6 kwa tani. Mabaki yakasoma 1.3. Jumla ni 3.9, na tanuru la awali lilisema 4.0. Hesabu zimefungana, kwa hiyo unaweza kuamini kwamba unapata asilimia 67 na theluthi inabaki kwenye marudio.

Bila kipimo cha mabaki ungekuwa na 2.6 na 4.0 tu, na usingejua kama tofauti ni dhahabu iliyofungiwa au sampuli mbili zisizofanana. Ni gharama ndogo kwa habari kubwa namna hiyo.

Kwa nini imebaki? Jaribu mambo mawili. Saga laini zaidi na rudia: mapato yakipanda, dhahabu ilikuwa imefungiwa. Kisha weka kaboni hai, yaani mkaa maalumu unaonyonya dhahabu, ndani ya chupa: mapato yakipanda, mwamba wenyewe una kaboni inayoshindana nawe kuinyonya dhahabu, na mtambo wako uwe na kaboni tangu mwanzo wa kuloweka. Yasipopanda kwa yote mawili, huenda dhahabu imo ndani kabisa ya pairiti au asenopairiti, na vati la kawaida halitaifikia.

Omba pia usomaji wa sayanaidi iliyosalia. Malakaiti na madini mengine ya shaba ya juu juu huila sayanaidi haraka. Mtu hukuta mapato madogo akaulaumu mwamba, kumbe kemikali iliisha mapema.

Hatua ya 7: Kama dhahabu ni ya chenga, yaani ya punje kubwa

Dalili ni hii: pacha, yaani vipimo viwili vya unga uleule, zinatoa 1.9 na 7.4. Au umeponda kidogo ukaosha kwenye karai ukaona mkia wa njano. Agiza kipimo cha tanuru kwa chekeche.

Kilo moja ya unga huchekechwa kwa maikroni 75 au 106. Kinachobaki juu ya chekeche hupimwa chote, hadi chembe ya mwisho. Kilichopita hupimwa mara mbili kwa gramu 50. Tuseme gramu 30 zilibaki juu, zikasoma gramu 60 kwa tani, na gramu 970 zilizopita zikasoma 2.1 na 2.3. Sehemu ya juu ina maikrogramu 1,800. Ya chini ina 970 mara 2.2, yaani 2,134. Jumla 3,934 kwa kilo, sawa na gramu 3.9 kwa tani. Asilimia 3 ya uzito ilibeba karibu nusu ya dhahabu, na kipimo cha kawaida mara nyingi kingekuambia 2.2.

Mwamba wa namna hii una habari njema pia: punje hizo kubwa hukamatwa kwa uzito, kwenye zulia la mwaloni au meza ya kutikisa, bila zebaki wala sayanaidi.

Hatua ya 8: Miale

Tangu masoko ya madini yaanzishwe Tanzania mwaka 2019, wachimbaji wengi wameiona XRF, mashine ya miale ya X, ikipima usafi wa dhahabu kwa sekunde chache, na wengine hudhani bunduki hiyo ya mkononi itapima jiwe vilevile. Haitaweza. Kwenye mkuo, dhahabu ni asilimia 80 au 90. Kwenye mwamba wa gramu 4 kwa tani, ni sehemu 4 kwa milioni, na mistari ya zinki, tangisteni na aseniki imejipanga karibu na ya dhahabu na kuifunika. Mtu akikuonyesha kioo cha XRF kikisoma dhahabu kwenye jiwe la kijivu, usitoe pesa. Itumie kwa aseniki na shaba, ambazo mara nyingi hutembea na dhahabu.

Kipimo cha fotoni ni kitu kingine. Gramu 500 hivi za mwamba uliopondwa tu huwekwa kwenye kopo na kupigwa miale ya X yenye nguvu kubwa. Viini vya dhahabu husisimka na kurudi vilipokuwa vikitoa miale ya gama, nusu yake ikiisha kwa sekunde 7.7. Mashine huhesabu miale hiyo, na jibu liko tayari ndani ya dakika chache. Hakuna risasi, hakuna asidi, na sampuli hubaki nzima ya kurudia. Hupima mara kumi ya kiasi cha tanuru, jambo linalosaidia sana kwenye dhahabu ya chenga. Haishuki chini kama ICP-MS, hivyo si ya udongo wa utafiti. Kwa mwamba wa mgodi, naamini ndiyo itakayolipunguzia tanuru kazi.

Hatua ya 9: Linganisha kwa haki

Ukitaka kujua kama njia ya bei nafuu inatosha kwa mwamba wako, usilinganishe ripoti ya mwaka jana na ya mwaka huu. Chagua sampuli 20 hadi 30, kutoka maskini hadi tajiri. Saga kila moja mara moja tu, gawa unga kwa kigawanyi, peleka kila sehemu kwa njia yake. Ukigawa mawe badala ya unga, utakuwa unapima tofauti ya mawe.

Katika kila sampuli 20 ficha sampuli rejea moja yenye thamani iliyothibitishwa, na sampuli tupu moja, ambayo inaweza kuwa kwazi safi. Iweke tupu mara baada ya sampuli unayoihisi kuwa tajiri zaidi. Rejea ikitoka nje ya mara tatu ya mchepuko wake wa kawaida, kundi zima lirudiwe. Ikitoka nje ya mara mbili, uliza. Chagua rejea ya aina ya mwamba wako: ya oksidi haitakuambia lolote kuhusu jinsi maabara inavyomudu salfaidi.

Kwa pacha, toa jibu moja kwa jingine, gawa kwa jumla yao, zidisha kwa 100. Pacha za 3.8 na 4.2 zinatoa 5. Kwa unga uliosagwa vizuri, tarajia pacha tisa katika kumi ziwe chini ya 10. Zikiwa juu na rejea ziko sawa, maabara haina kosa: dhahabu yako ni ya chenga, rudi hatua ya 7.

Kisha chora, hata kwa karatasi ya miraba: tanuru kwenye mstari wa chini, njia nyingine kwenye mstari wa wima. Nukta zikikaa kwenye mstari mnyoofu ulio chini ya ule ambao majibu ya njia mbili yangekuwa sawa, njia hiyo inapunja kwa kiwango kilekile. Zikitawanyika pande zote, ni bahati ya punje. Zikiwa sawa kwenye sampuli maskini na kupinda kwenye tajiri, kuna kikomo, labda muda mfupi au kemikali kuisha. Usiridhike na namba ya uhusiano pekee, kwa kuwa sampuli moja ya gramu 80 inaweza kuifanya ionekane nzuri huku zote zilizo chini ya 5 zikiwa vurugu.

Hatua ya 10: Uagize nini

Kwazi nyeupe yenye dhahabu ya kuonekana, ya aina ya Lupa, Chunya: tanuru kwa chekeche kwa sampuli muhimu, na tanuru la gramu 50 kwa nyingine. Miamba ya chuma yenye salfaidi: tanuru lenye mapishi yaliyorekebishwa, na chupa ya sayanaidi pamoja na mabaki kabla hujanunua mfuko wa kwanza wa saruji ya vati. Marudio ya mwaloni: chupa ya sayanaidi ndiyo ya kwanza, kwa kuwa huyataki yote yaliyomo, unataka yatakayotoka, na uchanganye vichoto kutoka kina chote cha lundo, si uso wake. Udongo wa utafiti: akwa rejia na ICP-MS.

Kwenye fomu andika njia kwa jina, uzito utakaopimwa, namna ya kumalizia, na kama kuna salfaidi, shaba, kaboni au zebaki. Omba warudishe unga uliobaki na chenga za milimita 2, na ripoti ionyeshe matokeo ya rejea na tupu zao wenyewe. Tanzania unaweza kupeleka kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, au maabara za kibiashara za Mwanza. Kwa kundi la kwanza, toa sampuli moja katika kila kumi, ibadilishe namba, na uipeleke maabara ya pili.